Nani Anauzima Moto wa Mama Usafi?

Mama Usafi alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na banda lao lilikuwa safi kuliko vyumba vya watu wengi. Sitii chumvi hata kidogo. Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai, alivaa mabuti ya mpira, akachukua ufagio mgumu, ndoo ya maji, sabuni ya unga na chupa ya dawa. Dawa ile ilikuwa na harufu kali ya kuchoma pua. Kwenye karatasi ya chupa paliandikwa kwa herufi nyekundu: HUUA VIJIDUDU VYOTE. Mama Usafi alisugua sakafu ya saruji mpaka ikang'aa. Maji ya sabuni yakatiririka kwenye mfereji.

"Hawa ng'ombe wanalala pazuri kuliko mimi," mumewe alimtania. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole wa maneno machache.

"Na wewe ukianza kutoa maziwa, nitakusugua," mkewe alijibu.

Wateja wa maziwa ndio waliompa jina la Mama Usafi. Lakini walimjua pia kwa jambo jingine. Mama huyu hakumwamini mtu. Ukimrudishia chupa ya maziwa, aliinusa mara mbili. Ukimsalimia vizuri, alijiuliza unataka nini. Mumewe alisema kwamba mkewe angeweza kulishuku hata jua kwa kuchomoza.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumshuku, naye ni mama mkwe wake. Mama Usafi alipofiwa na mama yake mzazi, mama mkwe alimshika mkono akamwambia, "Usilie kama huna mama. Mimi nipo." Tangu siku ile, Mama Usafi alimwita mama kwa moyo wote.

Sasa mama huyo alikuwa mgonjwa. Alikohoa asubuhi, akakohoa mchana, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Jiko lao lilikuwa la kuni, tena liliungana na chumba chake. Hata asipopika, moshi ulimfuata kitandani. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, kisha akamwita Mama Usafi na mumewe pembeni.

"Mapafu ya mama yamechoshwa na moshi," daktari alisema. "Dawa nitampa. Lakini akiendelea kuvuta moshi, dawa haitafua dafu."

Habari hizo zikamfikia shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye alikuwa dereva mjini. Shemeji hakupoteza muda. Alipiga simu.

"Kama nyinyi hamwezi kumtoa mama kwenye moshi, nitamtoa mimi. Atakuja kukaa kwangu."

Mama mkwe hakutaka hata kusikia. "Mjini nitakaa natazama ukuta mpaka lini?" alilalamika. "Hapa nina majirani zangu, nina ng'ombe wa kuwasemesha." Mama Usafi naye akakosa usingizi. Alijua shemeji akisema neno, limesemwa.

Ndipo wakakata shauri kujenga mtambo wa gesi ya samadi ili wapike bila moshi. Chama cha wafugaji kiliwapa saruji. Wao wakatoa mawe, mchanga na jasho. Fundi wa mitambo hiyo alikuja na pikipiki yake, akachimba shimo kubwa, akalijenga kwa matofali na kulifunika juu kama kichwa cha mviringo. Upande mmoja aliweka kishimo cha kuchanganyia samadi na maji. Upande wa pili aliacha mahali pa kutokea tope la samadi iliyokwisha kutoa gesi. Kutoka juu ya mtambo, bomba likaenda mpaka jikoni. Kwa wiki kadhaa waliulisha mtambo samadi, wakangoja gesi ijae.

Siku ya kuwasha, majirani walifurika uani. Wifi yake alikuwepo pia. Huyu alikuwa dada wa mumewe. Alikaa ng'ambo ya ua, alikuwa na ng'ombe mmoja, na kazi yake ilikuwa kuuza kuni. Mama Usafi alikuwa mteja wake mkubwa.

"Kwa hiyo mtakula chakula kilichopikwa kwa mavi?" wifi aliuliza, mikono kiunoni. Watu wakacheka.

Mama Usafi hakucheka. Alimtazama wifi yake kwa jicho la pembeni. "Huyu anaogopa kuni zake zitadoda," aliwaza.

Fundi alisimama karibu na kile kishimo akaanza kueleza jinsi mtambo unavyofanya kazi. Wakati huohuo ndama akakata kamba. Akatoka mbio, mkia juu, moja kwa moja kwenye maharage ya jirani. Mama Usafi akamkimbilia. Walizungushana weee! Aliporudi anatweta, kamba mkononi, fundi alikuwa anamalizia maneno yake.

"...ndiyo maana humu ndani kumejaa vijidudu," fundi alisema. "Mamilioni kwa mamilioni!"

Mama Usafi akaikaza kamba ya ndama. Vijidudu? Mamilioni? Hatua kumi tu kutoka kwenye ndoo zake za maziwa? Alitaka kuuliza. Lakini wateja wake wote walikuwa pale. Yeye, Mama Usafi mzima, aulize habari za vijidudu vya nyumbani kwake? Aibu iliyoje! Akaufunga mdomo wake. Ila moyoni alikwisha kuamua la kufanya.

Fundi akafungua koki, akawasha kiberiti. Moto ukawaka. Ulikuwa wa buluu, mtulivu, hauna moshi hata wa dawa. Mama mkwe akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda. Ulikuwa mwaka mzima hajakaa jikoni. Alichemsha maziwa mwenyewe, akayamimina mwenyewe, akacheka kama msichana. Mama Usafi alitoka nje kidogo ili asilie mbele za watu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Wiki ya tatu, moto ukaanza kudhoofika. Chai iliyokuwa ikichemka upesi sasa ilingojwa mpaka watu wakapiga miayo. Ule ubuluu ukawa njano. Siku nyingine moto uliwaka kidogo, ukacheza, ukajizimia wenyewe.

"Kuna mkono wa mtu hapa," alisema Mama Usafi.

"Mkono wa nani?" mumewe aliuliza.

"Hilo ndilo nitakalolijua."

Kwanza alimshuku fundi. Huenda alitumia bomba kuukuu. Akalipapasa bomba lote kwa vidole, kutoka mtambo mpaka jikoni. Hakuona kitu. Kisha alimshuku mumewe, kwamba ameigusa koki bila kujua. Mumewe akaapa hajaigusa. Basi akamgeukia wifi yake. Nani aliyepoteza mteja? Wifi. Nani aliyeubeza mtambo mbele ya watu? Wifi. Mama Usafi aliona mambo yote yanaangukia mahali pake.

Jioni moja alichukua majivu makavu, akayanyunyiza kuzunguka kile kishimo cha kuchanganyia samadi. Asubuhi alikwenda kutazama. Lo! Palikuwa na alama za kandambili kwenye majivu, na kandambili ya kushoto ilikuwa imekatika kisigino. Mama Usafi aliijua kandambili hiyo. Aliwahi kuicheka miguuni mwa wifi.

Kesho yake, kulipoanza tu kupambazuka, alijificha nyuma ya pipa la maji. Hakungoja sana. Wifi alipita kwenye mwanya wa ua, ndoo mkononi, anatembea kwa kunyata. Alifika kwenye kishimo, akaiinamisha ndoo.

"Wifi! Unamwaga nini humo?"

Wifi aliruka. "Mungu wangu! Unanivizia kama mwizi?"

"Mwizi ni nani kati yetu?"

"Hii ni samadi ya ng'ombe wangu. Niliona moto wenu umedhoofu, nikasema labda shimo lina njaa. Yule mle ndani ni mama yangu pia, au umesahau?"

"Samadi!" Mama Usafi akacheka kicheko kikavu. "Wewe muuza kuni utuletee samadi ili gesi yetu iwake? Kamdanganye mtoto mdogo. Umechanganya nini humo? Mafuta ya taa? Chumvi?"

"Nusa!" Wifi alimsogezea ndoo. "Si wewe hodari wa kunusa? Haya, nusa basi!"

Mama Usafi hakunusa. "Kuanzia leo usikanyage uani kwangu," alisema.

Wifi akaichukua ndoo yake akaondoka. Alipofika kwenye ua alijifuta macho kwa kanga. Mama Usafi aliona, lakini akajiambia kwamba ni machozi ya kushikwa.

Siku ile ile moto ulizimika kabisa. Ikabidi warudi kwenye kuni, tena kuni za kununua mbali, maana za wifi hazitakiwi. Moshi ukajaa nyumba. Mama mkwe akaanza kukohoa upya. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Mara simu ikalia. Alikuwa shemeji.

"Nimesikia gesi yenu imekuwa hadithi," alisema. "Jumapili nakuja kumchukua mama. Mfungashieni nguo."

Zilibaki siku nne. Mama Usafi alimgeukia mumewe. "Mpigie yule fundi aje. Leo atajieleza."

Fundi alifika mchana. Mama Usafi alimpokea mlangoni, mikono kifuani.

"Fundi, sema ukweli. Ulituwekea bomba bovu?"

"Tukague kwanza, mama," fundi alisema taratibu. "Kisha unigombeze ukijua unanigombezea nini. Naomba maji ya sabuni yenye povu jingi."

"Sabuni ya nini?"

"Ya kutafuta tundu. Tunapaka povu juu ya bomba. Mahali gesi inapovuja, povu litafanya viputo. Na kumbuka jambo hili: ukiingia jikoni ukakuta harufu ya yai bovu, usiwashe kiberiti. Funga koki, fungua mlango na madirisha, toka nje, halafu niite."

Walipaka povu bomba zima. Hakuna kiputo hata kimoja. Fundi alifungua koki. Gesi ikatoa sauti, ssss. Akasogeza kiberiti. Moto haukushika.

"Gesi ipo, lakini hii haiwaki," alisema fundi. "Ugonjwa hauko kwenye bomba. Uko tumboni mwa mtambo. Mnaulisha nini?"

"Samadi ndoo tatu na maji ndoo tatu, kila siku," alijibu mume.

"Sawasawa kabisa. Ng'ombe wamechomwa sindano karibuni?"

"Hapana. Kwani sindano ina nini?"

"Dawa nyingine hutoka na samadi. Ng'ombe akitibiwa, samadi yake iwekeni kando kwa siku kadhaa, msiiingize humu."

Fundi aliinama juu ya kile kishimo. Akavuta hewa puani. Akavuta tena. Uso wake ukabadilika.

"Mbona hapa pananukia kama zahanati?"

Mama Usafi akajinyoosha. "Ah, hiyo ni dawa yangu," alisema kwa fahari. "Wewe mwenyewe siku ile ulisema vijidudu vimejaa humu. Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Nikaamua kuviua kimyakimya. Tena maji ya kuoshea banda yote nayaelekeza humohumo, na sabuni yake."

"Dawa unaweka kiasi gani? Kizibo kimoja?"

"Kizibo? Nusu chupa! Na moto ulipopungua nikaongeza, maana niliona vijidudu vinatuzidi nguvu."

Mume alivua kofia yake. Fundi aliigeuza ndoo, akaikalia. Kutoka ndani ya nyumba kikasikika kikohozi cha mama mkwe.

"Mama," fundi alianza, "siku ile ulisikia maneno yangu yote?"

"Nilisikia vijidudu."

"Na kabla ya vijidudu?"

"Kabla ya hapo nilikuwa namfukuza ndama."

Fundi akajipangusa uso. "Basi sikiliza sasa, na ndama tumfunge vizuri. Umewahi kuoka mkate?"

"Nimeoka."

"Nani anayeumua unga?"

"Chachu."

"Haya. Chachu ni vijidudu. Vipo hai. Vinakula kwenye unga, vinatoa hewa, na unga unaumuka. Sasa mle shimoni kuna vijidudu vingine. Vinakula samadi, na vinatoa gesi. Mimi sijui kutengeneza gesi, mama. Mimi nimevijengea nyumba tu. Kazi yote wanafanya wao, usiku na mchana, bila kudai chochote ila samadi, maji na giza."

"Lakini vijidudu ni magonjwa," Mama Usafi alisema. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Vingine ndiyo. Kwenye ndoo ya maziwa usivikubali hata kimoja. Lakini si vyote ni adui. Hawa walikuwa vibarua wako. Na ile chupa haichagui. Soma mwenyewe ilivyoandikwa."

Mama Usafi hakuhitaji kusoma. Aliyajua maneno yale kwa moyo. Huua vijidudu vyote.

"Kwa hiyo anayeuzima moto..." alianza.

"Ni dawa," fundi alisema kwa upole.

"Dawa haina mikono, fundi. Ni mimi."

Alikaa chini palepale, mabuti yake yote mawili kwenye tope. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyoikumbuka. Ghafla akainua kichwa. "Na ile samadi ya wifi? Wifi yangu alikuwa anamwaga ndoo moja kila alfajiri."

"Kumbe!" fundi alisema. "Nami nilikuwa najiuliza. Kwa dawa yote hiyo, mtambo huu ulipaswa kufa siku nyingi. Samadi yake ilikuwa inaingiza vijidudu vipya kila asubuhi. Wewe unaua, yeye analeta wengine."

"Mungu wangu, nimemfukuza!"

"Mtambo haujafa kabisa," fundi aliendelea. "Tutatoa sehemu ya tope hili. Tutaingiza samadi mbichi yenye maji safi. Kisha twende shule ya bweni, wana mtambo unaofanya kazi vizuri. Tutaomba mapipa mawili ya tope lao liwe chachu. Ila moto hautawaka Jumapili. Tuseme wiki tatu."

"Nisifanye usafi tena?"

"Fanya, nani amekukataza? Badili mpango tu. Kwanza zoa samadi kwa koleo, iingie kwenye kishimo kwa maji matupu. Kishimo ukifunike. Ndipo uoshe banda kwa sabuni yako na dawa yako. Na maji hayo uyachimbie mfereji wake, yaende kando, mbali na mtambo."

Jioni ile Mama Usafi alivuka ua. Wifi yake alikuwa anapasua kuni. Hakuacha kupasua.

"Nimekuja kuomba radhi, wifi."

Shoka likashuka. Pa!

"Wewe ulikuwa unaulisha mtambo. Aliyekuwa anauua ni mimi." Akamweleza yote, tangu ndama mpaka chupa. Hakuficha kitu.

Wifi aliliweka shoka chini. "Mimi nilibeba samadi kichwani alfajiri, bila kumwambia mtu, kwa sababu nilikwisha kuucheka mtambo wenu na niliona haya," alisema. "Na wewe ukaniita mwizi, nami nilifanya kwa ajili ya mama yangu mzazi."

"Ndiyo."

"Maneno haya umeyasema kwangu. Jumapili utayasema mbele ya kaka? Au utamsingizia fundi wa watu?"

"Nitasema."

"Tutaona," alisema wifi. Sasa ilikuwa zamu yake kushuku.

Jumapili shemeji alifika na gari. Aliingia jikoni, akatoka anapepesa macho kwa moshi. "Ndiyo gesi yenyewe hii?" alisema. "Nilijua tu. Huyo fundi amewachezea, sivyo?"

Mama Usafi aliona amefunguliwa mlango wa kutorokea aibu. Neno moja tu, "ndiyo", na aibu yote ingemwangukia fundi ambaye hakuwepo. Wifi alikuwa amesimama penye ua, anamkodolea macho. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani, begi miguuni.

"Hapana, shemeji," alisema. "Fundi hana kosa. Niliumwagia mtambo dawa ya kuua vijidudu. Nilidhani nasafisha, kumbe nazima. Na wifi aliyekuwa akitusaidia, nikamfukuza. Kesho tunaanza kuutibu. Tupe wiki tatu."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Dawa ya sakafu," alisema polepole. "Kwenye jiko la mama."

"Ndiyo."

"Mama anaondoka nami leo. Moto wenu ukiwaka siku saba mfululizo, mnipigie. Tena nitakuja kuuona kwa macho yangu."

Mama mkwe alisimama kwa taabu. Alimshika Mama Usafi mkono kwa nguvu. "Nguo zangu nyingine ziacheni kabatini," alisema. "Mimi siendi. Napelekwa." Kisha kikohozi kikamkata maneno, na shemeji akamsaidia kupanda gari.

Kazi ikaanza kesho yake. Mume aliziweka kando baiskeli za wateja, akachimba mfereji wa maji ya sabuni. Mama Usafi alitoa tope ndoo baada ya ndoo, akalimwaga kwenye shimo la takataka, maana lilikuwa na dawa. Walikokota mapipa mawili ya tope kutoka shule ya bweni kwa mkokoteni, watu wakiziba pua njiani. Yeye hakuziba. Na kila alfajiri wifi alipita kwenye mwanya wa ua na ndoo yake.

"Nusa," wifi alimwambia kila siku.

Mama Usafi akanusa.

"Ina mafuta ya taa?"

"Haina, wifi. Ina samadi."

"Haya, mwaga."

Siku ya kumi na sita gesi iliwaka, ikazimika. Siku ya kumi na tisa iliwaka njano. Siku ya ishirini na mbili Mama Usafi aliwasha kiberiti, akafungua koki, akaona duara la buluu. Hakuamini macho yake. Akazima, akawasha tena. Akamwita mumewe atazame. Akamwita wifi. Wakahesabu siku saba. Kila siku moto uliwaka, asubuhi na jioni.

Ndipo wakampigia shemeji.

"Weka simu karibu na huo moto niusikie," shemeji alisema.

"Moto wa gesi hausikiki, shemeji. Hauna kelele."

"Sasa mtu ataamini vipi moto usiosikika?" Akakata simu.

Hakusema atakuja lini. Alikuja siku ya pili yake, bila taarifa, na mama mkwe ameketi kiti cha mbele. Shemeji hakusalimia sawasawa. Alikwenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni zilizofichwa. Hakuziona. Akaingia jikoni, akainama kwenye mafiga ya zamani ya kuni. Alikuta mayai ya kuku katikati yake. Akapitisha kidole juu ya dirisha. Kidole kilitoka safi.

Mume alikuwa kazini, lakini wifi alivuka ua mbio. Mama mkwe aliwapita wote, akaketi. Mama Usafi aliwasha jiko, akabandika sufuria ya maziwa. Wote watatu, mtoto wa kiume, mtoto wa kike na mke wa mtoto, walikitazama kifua cha mama. Kilipanda, kikashuka. Maziwa yakaanza kuumuka. Kilipanda, kikashuka. Maziwa yakachemka.

"Mnanikodolea macho kwa nini?" mama mkwe aliuliza. "Kwani mimi ndiye mtambo? Tieni majani ya chai, tunywe."

Wifi akaangua kicheko. Shemeji peke yake hakucheka. Aligeuka, akatoka nje, akaelekea kwenye gari.

"Anakwenda kuwasha gari," Mama Usafi aliwaza. "Hajaridhika. Anamchukua tena." Alishika ukingo wa meza, akasikiliza. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha ukafungwa.

Shemeji alirudi na begi la mama mkononi.

"Hili niliweke wapi?" aliuliza.

Mama Usafi alitaka kujibu. Machozi yalimzuia, na safari hii hakutoka nje ili ayafiche.